Ndani ya kopo mna nini? Namna ya kuuliza kabla rangi haijafika ukutani

Kaskazi ikianza kuvuma, kuta zikishakauka mvua za vuli, simu yangu haipumziki. Wete nzima, hapa Pemba, inataka kupaka. Mimi ni fundi rangi. Nilianza kazi 1996 nikiwa na miaka 16, na tangu hapo nimepaka kuanzia Konde hadi Mkoani: skuli, misikiti, maduka, nyumba zilizojengwa kwa pesa za karafuu na nyumba zilizojengwa kwa pesa zilizotumwa kutoka Muscat. Wateja huniuliza rangi itakaa miaka mingapi na kazi yote itatoka shilingi ngapi. Walioniuliza imetengenezwa kwa vitu gani nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Siwalaumu, maana mimi mwenyewe nilipaka miaka 13 bila kuuliza.

Kilichonifundisha kuuliza ni mikono yangu. Mwaka 2009 nilipewa kazi ya kupaka sakafu ya chumba cha kuhifadhia samaki. Mwenye kazi alitaka epoksi, ile rangi ya makopo mawili inayochanganywa, kwa sababu hailiwi na chumvi wala haibanduki ikimwagiwa maji kila siku. Kopo la kwanza lilikuja na maandishi yake. La pili, yaani kigumishi, halikuja. Kigumishi kilikuja ndani ya chupa mbili za maji ya kunywa, bila hata herufi moja. Nikachanganya mikono mitupu kama nilivyozoea. Siku ya tatu vidole vilivimba, ngozi ikapasuka kwenye maungio, na wiki iliyofuata zikafuata kope. Hospitali daktari aliniuliza: "Fundi, ulishika kitu gani?" Nikamjibu, rangi. Akaniambia kwa upole kwamba rangi si jina la kitu. Alitaka jina, na mimi sikuwa nalo. Mwenye duka hakuwa nalo, na mwenye kazi hakuwa nalo. Mpaka leo nikipita penye epoksi mbichi kope zangu huvimba usiku ule ule.

Haya ninayoyaandika nimeyaokota polepole tangu siku ile. Ni kwa ajili ya mwenye nyumba, kwa ajili ya maalim anayetaka kupaka madirisha ya chuo chake cha Kurani, na zaidi kwa ajili ya vijana wanaobeba brashi wakiamini kwamba harufu ikishaondoka basi na dawa imeondoka.

Geuza kopo kabla hujatoa pesa

Mbele ya kopo ni tangazo. Nyumba nzuri, mtoto anacheka, na maneno makubwa. "Haina harufu" haina maana kwamba haina kemikali. Ina maana pua yako haisumbuki. "Rafiki wa mazingira" bila kusema kwa kipimo gani halikuambii kitu. "Haina risasi", yaani ile metali yenye sumu, ni neno zuri, lakini ni neno tu mpaka uone kipimo, na nitalirudia huko mbele kwa sababu hapo ndipo penye mambo.

Nyuma na ubavuni ndiko kwenye habari. Kwanza tafuta jina la kiwanda, anwani yake na namba ya bechi, yaani ya fungu la makopo yaliyotengenezwa pamoja. Kopo lisilo na hayo matatu mimi silichukui hata likiwa nusu bei, kwa kuwa likileta madhara hujui umfuate nani. Halafu tafuta alama za pembe nne zenye ukingo mwekundu na picha ndani. Moto unajulikana. Alama ya mshangao ni onyo la muwasho au mzio. Ile picha ya kifua cha mtu chenye kitu kama nyota iliyopasuka ndiyo wengi hawaijui, na ndiyo ya kuitazama mara mbili: inasema kitu hiki kinaweza kudhuru mwili taratibu, mapafu, uzazi, au kuleta saratani.

Chini ya picha huwa kuna sentensi za Kiingereza, na mara nyingine namba zinazoanza na herufi H. Hizo namba ni zile zile duniani kote, liwe kopo limetoka China, Uarabuni au Ulaya, kwa hiyo asiyejua Kiingereza asikate tamaa. Chache za kuhifadhi: H317 ni mzio wa ngozi, ndiyo iliyonipata mimi. H334 ni pumu au kubanwa pumzi kwa kuvuta hewa yake. Utaikuta kwenye vanishi ngumu za makopo mawili, zile zenye aisosianeti, kemikali ya kigumishi chake, na hizo kijana asizipulize kwa bomba ndani ya chumba kilichofungwa, barakoa ya kitambaa haimsaidii. H350 ni saratani. H360 ni madhara kwa uzazi au kwa mtoto aliye tumboni. H304 ni sumu inayoua ikimezwa na kuingia mapafuni, na iko kwenye tapentaini nyingi. Ndiyo maana huwa nagombana na kila anayeuza tapentaini au tina kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu haulizi.

Kwenye makopo ya Ulaya utaona pia herufi VOC na namba yenye gramu kwa lita. Hiyo ni kiasi cha mvuke wa kemikali unaotoka rangi ikikauka. Kule, tangu 2010, rangi ya maji ya kuta za ndani isiyo na mng'ao haitakiwi kupita gramu 30 kwa lita. Ukiwa na makopo mawili na moja limeandika namba na jingine limekaa kimya, tayari una sababu ya kuchagua.

Alama ya ubora, iwe ya Taasisi ya Viwango Zanzibar au ya TBS ya Bara, itafute pia. Inakuambia bidhaa imepimwa kwa kiwango fulani. Haikuambii viungo vyake. Ni mambo mawili tofauti na watu huyachanganya.

Omba karatasi

Kila rangi ya kiwandani inatakiwa iwe na karatasi ya usalama. Watu wa kazi huiita kwa herufi zake, SDS, na zamani MSDS. Ina sehemu 16, kwa mpangilio mmoja dunia nzima, na hupewi usipoomba. Mara ya kwanza nilipoiomba, mwenye duka alinitazama kama nimemwomba cheti chake cha ndoa. "Fundi," akasema, "watu hununua rangi, hawanunui karatasi." Nikamwambia, "Ami, mimi nanunua makopo 12, na bila karatasi nanunua kwa mwenzako." Akapiga simu Dar es Salaam kwa wakala, na siku ya pili karatasi ikaingia kwenye simu yangu. Tangu hapo sijawahi kuambiwa kwamba haipo na kiwanda cha maana. Nimeambiwa "subiri" mara nyingi, na waliosema haipo kabisa sikununua kwao.

Usiombe kwa mdomo. Andika, ili jibu libaki. Mimi nina ujumbe nimeuhifadhi kwenye simu, nabadilisha jina la rangi tu:

"Assalamu alaikum. Naomba karatasi ya usalama, SDS, ya rangi yenu ya mafuta, njano, namba ya bechi iliyo kwenye picha niliyoambatanisha. Pia naomba majibu ya maabara ya jumla ya risasi katika rangi iliyokauka, kwa ppm, yenye tarehe. Naomba kujua kama chembe za rangi zina risasi au kromati, na dawa gani ya kuzuia ukungu imetiwa. Kazi ni ya chuo cha watoto. Ahsanteni."

Ppm ni sehemu katika milioni, chembe za rangi ni ule unga unaotia rangi, na kromati ni kemikali yenye metali ya kromiamu.

Karatasi ikifika usiogope urefu wake. Mimi naanza na tarehe: ikiwa ya miaka kumi nyuma, naomba mpya. Kisha sehemu ya 1 nione kama jina ni lile lile la kopo langu, kwa maana nimewahi kutumiwa karatasi ya rangi nyeupe wakati nimeuliza ya kijani. Sehemu ya 2 ni hatari zake. Sehemu ya 8 inakuambia uvae nini, na usome hata aina ya glovu. Kwa epoksi glovu nyembamba za hospitali za mpira wa kawaida hazifai, tafuta za naitrili. Sehemu ya 3 ndiyo roho ya karatasi, maana hapo ndipo viungo vinapotajwa kwa majina, kwa asilimia, na kwa namba.

Namba hizo huitwa CAS. Kila kemikali ina yake, haibadiliki kwa lugha wala kwa kiwanda. Jina linaweza kuandikwa kwa namna tano, namba ni moja. Binti yangu aliyesoma kemia alinionyesha namna ya kujua kama namba imeandikwa sawa: chukua 1309-37-1, acha tarakimu ya mwisho, kisha anzia kulia, 7 mara 1, 3 mara 2, 9 mara 3, 0 mara 4, 3 mara 5, 1 mara 6, jumlisha. Unapata 61. Inaishia na 1, sawa na ile tarakimu uliyoiacha. Ikikataa, mtu amekosea kuandika au ameandika asichokijua. Naifanya hesabu hii juu ya ndoo, kwa kipande cha chaki.

Na hiyo 1309-37-1 sikuichagua ovyo. Ni oksidi ya chuma, kutu kwa lugha ya kawaida, ndiyo inayotia wekundu kwenye redoksaidi tunayopaka mageti na mabati kabla ya rangi ya juu. Lakini kuna praima nyingine ya zamani, yenye wekundu unaoelekea chungwa, ambayo ni oksidi ya risasi, na namba yake ni 1314-41-6. Fundi wa zamani anaweza kuziita zote mbili redoksaidi. Zote huzuia kutu. Moja ni kutu yenyewe, nyingine ni sumu. Kwa macho yangu, kopo likiwa wazi kwenye kivuli, siwezi kukuapia ni ipi. Kwa namba naweza.

Namba nyingine nilizoandika ndani ya jalada la daftari langu ni hizi. 7758-97-6, 1344-37-2 na 12656-85-8 ni chembe za rangi zenye risasi na kromati, kwa rangi za njano, chungwa na nyekundu. 301-08-6 ni risasi inayotiwa ili rangi ya mafuta ikauke haraka, na hiyo ndiyo sababu hata rangi nyeupe inaweza kuwa nayo. 10605-21-7 ni karbendazimu, dawa ya ukungu inayotiwa kwenye rangi za nje. Hapa Pemba ukungu ni adui wa kweli na siwezi kusema rangi ya nje isitiwe dawa, lakini chumbani kwa mtoto siitaki, na nje nataka kujua iko wapi kwa sababu mvua huiosha kidogo kidogo mpaka kwenye udongo wa mbogamboga chini ya ukuta. 25068-38-6 ni epoksi yenyewe. Ningekuwa na hiyo namba 2009, na ya kigumishi pia, daktari angepata alichokiuliza.

Karatasi inaponyamaza

Hapa naomba usome polepole.

Sehemu ya 3 hailazimiki kutaja kila kitu. Viungo vyenye hatari kubwa, kama saratani na madhara ya uzazi, huanza kutajwa vikifika asilimia 0.1. Asilimia 0.1 ni ppm 1,000, yaani sehemu 1,000 katika milioni. Lakini kikomo cha risasi kinachopendekezwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, na ndicho kilichoko kwenye sheria za nchi nyingi, ni ppm 90. Marekani walishuka kutoka 600 hadi 90 mwaka 2009. Kwa hiyo rangi yenye risasi ppm 800, karibu mara tisa ya kikomo, inaweza kuwa na karatasi safi isiyotaja risasi hata mara moja, na aliyeiandika asiwe amesema uongo. Ndiyo maana kwenye ujumbe wangu naomba vitu viwili, karatasi na majibu ya maabara.

Majibu yenyewe yasome vizuri. Yaseme "jumla" ya risasi. Wengine hutoa kipimo cha risasi inayoyeyuka, ambacho huwa kidogo zaidi, na macho yasiyozoea huona namba ndogo yakafurahi. Yaseme ni katika rangi iliyokauka. Yataje rangi gani hasa, maana nyeupe kupita mtihani hakuipitishi njano. Kromati ya risasi, kwa uzito wake, ni risasi asilimia 64. Ikiwa sehemu moja tu katika mia ya rangi iliyokauka ni hiyo chembe, tayari ni ppm 6,400. Ndiyo maana njano, chungwa, nyekundu na kijani cha kuchanganya na njano ndizo za kuulizia kwanza.

Na zipo njano nyingine. Kuna njano ya udongo inayotokana na chuma, imefifia kidogo lakini inavumilia jua kuliko watu wanavyodhani. Kuna za bismathi, kali na ghali. Mteja anayetaka njano ya kung'aa kwa bei ya chini namweleza kwa nini ile ya bei ya chini ilikuwa ya bei ya chini.

Wengine watakujibu kwamba viungo ni siri ya kiwanda. Siri ya mchanganyiko naiheshimu, hata mpishi wa biriani ana yake. Lakini siri ya jina haifuti hatari: hata jina likifichwa, karatasi inapaswa kusema kitu hicho kinadhuru vipi. Jibu la "ni siri" likija bila maelezo ya hatari, huo si usiri, ni kukwepa.

Rangi ikichanganywa kwa mashine dukani, kumbuka umenunua vitu viwili: kopo la msingi, na matone ya rangi yaliyotiwa humo. Karatasi ya kopo haiyasemei matone. Omba na yake, na omba stika ya mchanganyiko ibandikwe kwenye kifuniko.

Paa, tangi na karafuu

Nyumba nyingi huku hukinga maji ya mvua kutoka bati hadi tangi, na ya kunywa yakiwemo. Rangi ya paa basi si rangi ya paa tu. Kabla ya kupaka muulize mwenye kiwanda kwa maandishi kama inafaa paa linalokinga maji ya kunywa. Kama hakujibu, chukulia haifai. Ukishapaka, mfereji utoe nje ya tangi kwa mvua za mwanzo.

Mteja mmoja wa upande wa Chake alitaka nipake epoksi sakafu yake ya kuanikia karafuu, ili zisishike vumbi. Nilikataa kazi ile nzuri. Karafuu ina mafuta, jua la sakafuni ni kali, na ile rangi haikutengenezwa kugusana na chakula. Alinielewa, akarudi kwenye majamvi.

Rangi iliyokwisha kuwepo ukutani

Ya zamani haina kopo la kugeuza. Hapo ndipo chuo cha mtaani kwetu kiliponifundisha. Maalim aliniita mwaka jana: nondo za madirisha, njano, zimeanza kubanduka maganda, na watoto wadogo wanaokaa karibu na dirisha huyabandua kwa kucha wakati wenzao wanasoma. Alitaka nipige msasa Ijumaa, Jumamosi watoto warudi.

Nilikuwa na vijiti vya kupimia ambavyo shemeji yangu aliniletea kutoka Uingereza. Unakwaruza hadi tabaka za chini, unasugua kijiti, kikigeuka waridi au chekundu pana risasi. Kiligeuka kabla sijamaliza kusugua. Vijiti hivi vina kasoro zake: kwenye rangi nyekundu vinaweza kukudanganya kwa sababu rangi yenyewe hutoka, na visipogeuka havithibitishi kwamba uko chini ya 90, kwani vinakamata risasi nyingi tu. Vikigeuka, amini. Visipogeuka, endelea kujihadhari, na ukitaka uhakika peleka maganda kwenye maabara; uliza ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali Zanzibar.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto inashika ubongo, masomo, tabia, na hakuna dalili ya mapema utakayoiona kwa macho. Ni kipimo cha damu tu kinachoonyesha. Mtoto anayekula maganda ya rangi apelekwe hospitali, na mzazi alitamke neno lenyewe mbele ya daktari: risasi, kutoka kwenye rangi ya zamani.

Kwa hiyo msasa mkavu sikupiga. Rangi ya namna hii haipigwi msasa mkavu, haikwanguliwi kwa mashine, haichomwi kwa moto. Tulifunga chuo siku nne, si moja, na maalim akasomesha barazani msikitini. Tulitandika plastiki ndani na nje chini ya kila dirisha. Tukalowesha kwa chupa ya kupulizia, tukakwangua taratibu, tukatumia msasa wa maji, kila mara nondo ikiwa imelowa. Hakuna aliyekula wala kunywa pale. Mikono na uso kwa sabuni kwanza. Hatukufagia kwa fagio kavu: tulifuta kwa matambara ya maji, tukakunja plastiki kwa ndani, tukafunga kwenye mifuko miwili. Nguo za kazi zilioshwa peke yake, na sikurudi nazo nyumbani, kwa kuwa nina mjukuu anayenirukia mlangoni.

Kijana wangu wa kazi ana miaka 17, na kukwangua sikumruhusu. Alinuna. Nikamweleza kwamba mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba juu ya rangi ya risasi nyeupe, ukaizuia ndani ya majengo, isipokuwa pachache, na ukakataza vijana wa chini ya miaka 18 kuishika katika kazi za kupaka. Mimi nilipoanza, na miaka yangu 16, mkataba ule ulikuwa na umri wa miaka 75, na hakuna aliyeniambia. Akabeba ndoo za maji.

Kwa wenye nyumba za mawe na chokaa, za Mji Mkongwe khasa, nina neno fupi. Shemeji yangu wa Malindi alipaka rangi ya plastiki inayosifiwa kudumu juu ya ukuta wa zamani wa chokaa. Ukuta wa namna hiyo hupumua: unyevu huingia na kutoka. Ukiuziba, unyevu na chumvi husukuma kutoka ndani na rangi hutoka vipande vizima, na lipu pamoja nayo. Paka chokaa. Viungo vyake unavijua: mawe ya matumbawe, moto, maji. Lakini usiichukulie ni maziwa. Mbichi inachoma, na tone moja jichoni ni hatari, kwa hiyo miwani.

Andika

Sheria yangu ya mwisho ni daftari. Kila kazi: tarehe, chumba, jina kamili la rangi, namba ya bechi, nani alinitumia karatasi na lini. Picha ya ubavu wa kopo kabla halijachafuka. Bidhaa ikiwa na kasoro, au isiyo na anwani, ndizo habari hizo utakazopeleka Taasisi ya Viwango. Malalamiko yasiyo na namba ya bechi hayaendi mbali.

Nakala moja naiacha kwenye jengo, mahali fundi ajaye atapaona. Kwa nyumba ni ndani ya mlango wa boksi la fyuzi. Kwa chuo tulichagua nyuma ya mlango wa kabati la misahafu, na maalim mwenyewe ndiye aliyeandika, kwa hati nzuri kuliko yangu: nondo, madirisha sita, njano ya zamani ilikuwa na risasi, imeondolewa kwa maji, praima 1309-37-1, rangi ya juu njano ya udongo, jumla ya risasi chini ya ppm 90, karatasi iko kwenye simu ya fundi na nakala ndani ya bahasha hii. Dirisha la saba, la stoo, halijaguswa. Bado lina ile ya zamani. Lisipigwe msasa.